Aliyezikwa Kwenye Jiwe la Nne

Katika mgongo wote wa Kanthungu, ule unaoteremka kutoka barabara ya lami kuelekea upande wa Isiolo, hapakuwa na mtu aliyezikwa bila Celina kushika mwiko. Aliwapikia waliokuja kulia, na yeyote aliyewahi kufiwa anajua kwamba watu wa matanga wana njaa kuliko watu wa harusi. Mtu akikata roho, kabla kasisi hajapigiwa simu, kabla chifu hajapata habari, wenye msiba walikuwa wameshafika kwa Celina. Yeye hakuwa na pole ndefu. Aliuliza maji yako umbali gani na kuni ni za mti gani, akajifunga leso kiunoni, akatoka.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mikono minene na ulimi usiolala. Mwanamume aliyenyemelea sufuria kabla jeneza halijafukiwa alitimuliwa kwa mwiko mbele za watu, awe mzee wa ukoo au mzee wa kanisa. "Umekuja kumzika au kumla?" aliuliza, na watu wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Githeri yake ya mahindi na maharagwe haikuungua, chai yake haikunuka moshi, na mgeni wa mwisho kutoka Maua alipata sahani iliyojaa kama ya wa kwanza. Hiyo ndiyo sifa aliyokuwa nayo duniani, na ilimtosha.

Kwa kuwa alikuwa amepika katika kila boma, alijua kila marehemu wa Kanthungu amelala wapi. Wote walikuwa nyumbani kwao, kando ya migomba au nyuma ya zizi, mahali ambapo mama akienda kukata majani ya mbuzi anaweza kusimama kidogo akang'oa magugu. Celina aliupenda mpango huo. Mtoto wake wa kwanza, msichana aliyechukuliwa na surua kabla ya kubatizwa, alikuwa nyuma ya zizi lake, chini ya rundo dogo la mawe. Kando yake palikuwa na nafasi. Celina alikuwa ameitenga kwa ajili yake mwenyewe, wala hakuwahi kufikiri kwamba mwingine ataihitaji kabla yake.

Sasa, upepo wa Kanthungu. Ukipita huko siku ya Agosti utashika kofia yako na bado utairudisha kichwani ikiwa na mchanga. Unang'oa mabati, unapindua kuku. Lakini juu kabisa ya mgongo, kwenye uwanda wa majani makavu, wanawake waliupenda kwa sababu uliwapepetea ndengu. Unainua ungo, unamwaga polepole, makapi yanakwenda zake Isiolo na ndengu zinabaki miguuni pako. Uwanda ule haukuwa wa mtu mmoja. Haukuwahi kupimwa wala kugawanywa. Ulikuwa wa ukoo, na mbuzi wa kila boma walilisha pale.

Upepo huo huo ndio uliowaleta watu wa kampuni. Wana-Kanthungu hawakuambiwa na yeyote. Waliona tu siku moja mawe yaliyopakwa rangi nyekundu na kuandikwa nambari, yamesimama juu ya uwanda. Baadaye wakasikia kwamba mkutano wa kuwauliza maoni yao ulishafanyika hotelini Meru mjini, watu wasiojulikana wakala nyama wakakubali kwa niaba yao. Kwenye kila jiwe ungesimama mnara wenye mapanga matatu, mrefu kuliko mnara wa kanisa lolote walilowahi kuona, na mapanga hayo yangezungushwa na upepo yatoe umeme wa kupelekwa mbali.

Watu wakachemka. Aliyewaongoza alikuwa Kaimenyi, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa sauti kubwa na viatu vilivyong'aa hata wakati wa vumbi. Tusimwonee, mengi aliyosema yalikuwa ya kweli. Shamba lisilopimwa likishazungushiwa ua na mtu mkubwa, ukoo hauligusi tena. Wengine waliongeza yao: mbuzi watatoa mimba, nyuki watahama, mvua itafukuzwa. Ukweli na upuuzi vikachanganywa kwenye chungu kimoja, na ukatoka wimbo mmoja tu: mapanga hatuyataki.

Celina naye aliuimba. Aliwapikia uji wale wa kamati, akawaambia wazi kwamba atakayemnyang'anya uwanda wa kupepetea ndengu atakuja ampepetee yeye. Hakujua kwamba rangi ile nyekundu imepakwa na mkono uliotoka tumboni mwake.

Murungi alikuwa mwanawe wa pekee aliyebaki. Alimaliza kidato cha nne, akaenda Maua kuchuma miraa ya watu, akarudi, akavunja kokoto, akakaa. Kijana akikaa sana nyumbani, hata mbwa wa boma huanza kumdharau. Ndipo wapima ardhi wa kampuni walipomchukua kibarua: kubeba milingoti yao na kupaka mawe rangi. Walikuwa wakimchukua barabarani mbali na kijiji na kumshusha huko huko. Alimwambia mamake peke yake, tena kwa sababu alihitaji mahali pa kuficha reflekta, fulana yake ya kazi.

Ilikuwa ya kijani, si ile ya njano ya watu wa bodaboda. Ilikuwa na mistari ya kung'aa kifuani, na mgongoni picha ya mapanga matatu. Murungi aliivaa akasimama mlangoni pa jiko.

"Mathe, niko sawa?"

"Unafanana na kinyonga aliyepotelea kwenye sukuma wiki," Celina akamjibu, asije akamwambia kwamba amependeza. "Vua. Hiyo ni kazi ya kuuza watu."

"Watu gani, Mathe? Hao waliniandika kazi lini?"

Celina akachochea moto. Kazi ile ilimuudhi, na furaha ya mwanawe ilimfurahisha, na vyote viwili vilikaa ndani yake bila kupatana. Tangu siku hiyo reflekta ikalala chini ya gunia la ndengu. Hata Naftaly, mumewe, hakuambiwa. Naftaly alikuwa mtu mpole, wa kukaa nyuma kwenye mikutano, na siku hizo alikuwa ameanza kukaa mbele kwa sababu Kaimenyi alimpa kazi ya kuwaita watu.

Asubuhi ya msukosuko, lori la kuchimba misingi lilikuwa linakuja na polisi. Vijana walikuwa wamelala barabarani, wameziba njia kwa magogo na mawe, Mutugi akiwa mbele yao. Huyu Mutugi alikuwa rafiki ya Murungi tangu shule ya chekechea. Murungi alikuwa ameshatoka kwenda kazini, amevaa reflekta yake kwa kuwa siku hiyo walitakiwa wote kuonekana. Alipofika kwenye kona akauona umati na mapanga yaliyoinuliwa, akageuka, akarudi mbio. Celina alikuwa uani akipasua kuni. Kijana aliivua reflekta akampitishia juu ya ua.

"Ficha. Wakiniona nayo wataniua. Nitawapitia hivi hivi kama mtu wa kawaida, nizunguke niwafikie wenzangu."

Celina akaipokea. Moyo wake ulitulia, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye: kwamba alifurahi kuiona imevuliwa.

Hakumwona tena akiwa hai. Polisi walifyatua gesi, kisha risasi, na Murungi aliyekuwa akivuka nyuma ya umati alipigwa kifuani. Jioni, redio ikasema aliyeuawa alikuwa miongoni mwa viongozi wa waandamanaji. Kampuni haikusema neno. Kusema kwamba marehemu alikuwa mtu wao kungewaletea maswali. Na Kanthungu yote ikaamka ikiwa na shujaa.

Celina akakalishwa kwenye godoro la wafiwa, mahali ambapo kwa miaka yote alikuwa amewaona wenzake wakikaa naye akipita na sahani. Rafiki yake Alice ndiye aliyeshika mwiko. Chai ilinuka moshi, na Celina hakusema. Siku ya pili Mutugi alikuja kumpa pole, macho yamevimba kwa gesi.

"Mama Murungi, wale polisi walikuwa wamepangwa," alisema. "Walikuwa wanaangalia rangi tu. Ukiwa na kijani cha kampuni, wanakwambia pita. Huna kijani, unapigwa. Mimi Mungu alinificha tu kwenye mtaro."

Mutugi alifikiri anamliwaza. Celina alimwangalia midomo yake ikicheza na hakusikia lililofuata. Gunia la ndengu lilikuwa pale jikoni, hatua chache kutoka alipokaa.

Kisha wanaume wakaketi kuamua kaburi lichimbwe wapi. Kwa kawaida hilo si jambo la mkutano, maana kila mtu na boma lake. Lakini Kaimenyi alikuwa na mawazo mengine. Alisimama, akavua kofia.

"Baite, wazee wangu, taito ya shamba mtu anaweza kuchapishiwa Nairobi na wino ukiwa bado mbichi. Kaburi halichapishwi! Enda korti yoyote, utaulizwa swali moja: watu wako wamezikwa wapi? Sasa Mungu ametupa kijana huyu. Tumzike juu, kwa ile jiwe ya nne, mahali wanataka kuweka panga kubwa. Tuone ni nani atakanyaga maiti ya shujaa."

Wakapiga makofi. Nyanyake Celina alikuwa akimsimulia kwamba zamani za kale wengi wa watu wao hawakuzikwa hata kidogo. Waliachwa porini, fisi akamaliza. Kaburi wakafundishwa na wamisheni, kisha mahakama zikawafundisha kwamba kaburi ni shahidi wa shamba. Watu wa Kanthungu walikuwa wameyaelewa masomo yote mawili vizuri mno. Walikuwa wanataka kumfanya mtoto wa mtu kigingi cha mpaka.

"Mtoto wangu atalala nyuma ya zizi, karibu na dadake," Celina akasema kutoka kwenye godoro. Si desturi ya mama mfiwa kujibu wanaume waliokaa.

"Mama Murungi," Kaimenyi akamwambia kwa upole, "huyu si wako peke yako tena. Amekuwa wa watu wote."

Naftaly akainua kichwa. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumngojea azungumze, na sasa mgongo mzima ulikuwa unamngojea. "Acha alale mahali alianguka akipigania," alisema kwa uchungu na fahari. "Mimi babake nimekubali."

Neno moja la Celina lingelipindua jambo lile. Angesema tu: alikuwa mtu wa kampuni, reflekta yake iko jikoni, jiwe hilo mnalolitaja alilipaka yeye. Basi mwanawe angelala nyuma ya zizi, hakuna ambaye angemgombania. Lakini Celina alikuwa mpishi wa matanga, na alijua kitu ambacho wanaume wale hawakukijua kama yeye. Aliwahi kupika kwenye maziko ya mtu aliyeitwa mwizi. Sufuria tatu za githeri zilibaki zimejaa, zikamwagiwa mbuzi, na jeneza likabebwa na wapwa wanne wanaotazama chini. Hakukuwa na aliyesema uongo kumhusu marehemu wala ukweli, hawakuja tu. Celina alimwona Murungi akibebwa hivyo. Akamtazama Naftaly, aliyekuwa amenyoosha mgongo kwa mara ya kwanza katika miaka mingi. Akafunga mdomo.

Wakaenda kumchukua Meru mjini, mochari. Waliomvisha walikuwa Celina na Alice. Naftaly alikuwa ameazima suti nyeusi kwa shemeji yake na kuambiwa asiirudishe. Celina alimtuma Alice kutafuta pini za shati, na mwenzake alipotoka, akafungua kiondo chake. Aliitoa reflekta, akamvika mwanawe juu ya shati, akafunga zipu hadi juu, kisha akamvalisha koti la suti na kulifunga vifungo vyote. Mkono ulikuwa mgumu na baridi, akausemesha kama anavyosemeshwa mtoto anayekataa sweta.

Alifanya hivyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, hicho ndicho kitu pekee ambacho dunia iliwahi kumpa Murungi kwa kazi yake, na alikuwa amekipenda. Ya pili, kilikuwa lazima kifichwe, na hakuna mahali pa siri kuliko kaburi. Nailoni ukiichoma inanuka boma zima. Ukiitupa chooni umemtupa mtoto. Lakini kaburi likishafukiwa, nani hulifungua? Katika miaka yake yote ya kupika hakuwahi kuitwa kwenye msiba wa mtu anayefukuliwa.

Maziko yalijaa. Watu walikuja kutoka Runyenjes na Chuka ambao hawakumjua marehemu hata kwa picha. Walimlaza kichwa kikiwa kwenye jiwe jekundu, wakamjengea kaburi la saruji, wakaandika kwamba alikufa akitetea ardhi ya baba zake. Upepo ulipeperusha hotuba nusu yake. Celina alilitazama jiwe, akaona pale kwenye nambari mahali brashi ilipoteleza ikaacha mkia, akajua ni mkono wa Murungi, ambaye tangu darasa la kwanza hakuweza kuandika nne bila kuipa mkia.

Kampuni ikaondoka, watu wakachinja. Celina alirudi kwenye sufuria zake, lakini ulimi wake ulikuwa umelala. Wanaume walinyemelea chakula kabla ya wakati na hakuna aliyewatimua. Ndengu alizipepeta nyumbani kwa mikono. Juu kule alipanda Jumapili tu, akang'oa magugu, akashuka, na kila aliyekutana naye alimwita mama wa shujaa. Alilichukia jina hilo kama mtu anavyochukia kiatu kinachombana mbele ya wageni.

Mwaka wa pili kampuni ilirudi ikiwa na wamiliki wapya. Safari hii walikuja na akili. Waliahidi kupimia ukoo shamba lake, wakaahidi zahanati, na zaidi ya yote wakaanza kuwaandika vijana kazi kabla ya kuchimba hata shimo. Mutugi akawa msimamizi wa wachimbaji. Kijana wa Kaimenyi akapewa gari la kuendesha. Kaimenyi mwenyewe akawa mwenyekiti wa kamati mpya, ya maendeleo, akiwa na sauti ile ile na viatu vile vile. Wimbo wa mapanga haukukatazwa na mtu. Ulinyamaza tu wenyewe, kama chura akisikia nyayo.

Kikabaki kitu kimoja. Upepo mkubwa kuliko wote ulikuwa kwenye jiwe la nne.

Walikuja kwa Celina na Naftaly wakiwa na mbuzi. Kaimenyi aliketi kwenye kigoda, akazunguka kwa maneno ya mvua na afya, hatimaye akafika.

"Mama Murungi, wewe ndiye ulisema tangu mwanzo kijana alale nyuma ya zizi. Ukaona mbali kuliko sisi. Sasa tumeona afadhali tumrudishe nyumbani. Kampuni itamjengea kwa tailosi, kuzuri kabisa, na fadha atakuja. Ni kuteremsha tu."

Kuteremsha tu! Hicho walichokuwa wanampa Celina ndicho alichokiomba akiwa kwenye godoro, ndicho alichokiota kila Jumapili akishuka mgongo peke yake. Nafasi kando ya rundo dogo la mawe ilikuwa ingalipo. Lakini kumrudisha ilikuwa ni kumfungua, na kumfungua ilikuwa ni kumvua jina mbele ya wote.

"Hapana," akasema. "Alipo mlimweka wenyewe. Akae."

"Lakini si ulitaka..."

"Nilitaka. Sitaki tena. Chukueni mbuzi wenu."

Wakamshangaa. Habari ikashuka mgongo, na kila ilipopita ikaongezwa chumvi: Celina anangoja apewe zaidi, Celina hapendi watoto wa wenzake wafanye kazi, Celina uchungu umemgeuza kichwa. Wale wale waliomwita mama wa shujaa walianza kumpita njiani bila salamu. Palitokea msiba kwa Kirimi, mwenye posho mill ya kusaga mahindi, na wenye msiba wakamwita Alice. Celina aliona moshi wa jiko la matanga ukipanda upande wa pili wa bonde, akasimama nao hadi ukaisha.

Naftaly alimbembeleza, kisha akanyamaza, kisha akatia sahihi. Baba ndiye mwenye mtoto, ndivyo korti ilivyotaka, na kibali cha kufukua kikatoka. "Mama Murungi, mimi nazeeka," alimwambia akiwa amempa mgongo. "Nataka nimwone hapa karibu. Kwani wewe unaogopa nini?"

Angemwambia. Mara kadhaa alifungua mdomo. Lakini Naftaly alikuwa bado anaongea kidogo kwa sauti mikutanoni, na sauti hiyo ilisimama juu ya uongo ule kama nyumba juu ya mchwa. Celina hakuwa na moyo wa kuisukuma.

Siku ilipofika alipanda mgongo nyuma ya wenzake. Uwanda ulikuwa umezungushiwa ua wa nyaya, na langoni alisimama mlinzi mgeni, kijana mwenye adabu. Aliwasalimia wote, kisha akaingiza mkono kwenye sanduku.

"Ni sheria ya saiti," alisema. "Hakuna kuingia bila reflekta."

Akawagawia. Kaimenyi akavaa. Naftaly akavaa, ikampwaya. Kasisi akaivaa juu ya kanzu yake. Celina alipewa yake: kijani, mistari ya kung'aa kifuani, mapanga matatu mgongoni. Alisimama ameishika kwa mikono miwili hadi mlinzi akamsaidia kuivaa, akamfungia zipu.

Kule ndani wachimbaji walikuwa wameshavunja saruji, Mutugi akiwasimamia, na wote walikuwa na kijani. Afisa wa afya alikuwa na kijani. Jiwe la nne lilikuwa limeng'olewa, limewekwa kando. Kasisi akaomba. Wakateremka shimoni, majembe yakagonga mbao, na mbao zikakubali upesi, maana mchwa walikuwa wametangulia.

Celina alifumba macho. Alingoja kelele ya kwanza. Alikuwa ameifanyia mazoezi kwa muda mrefu, namna watakavyoguna, namna Naftaly atakavyomgeukia, namna watakavyomwacha mwanawe hapo juu ya udongo kama zile sufuria tatu za githeri.

Lakini hawakuguna. Alipofumbua macho, wachimbaji walikuwa wamesimama wima shimoni, wanatazama chini. Suti ilikuwa imekwisha. Kilichobaki kizima ni reflekta, kijani chake hakijapungua, na jua lilipoingia shimoni mistari yake ikawaka sawasawa na ile iliyokuwa vifuani mwao.

"Hii ni yetu," Mutugi akasema polepole. Akaigusa yake mwenyewe, kama mtu anayehakikisha. "Mama Murungi. Kumbe alikuwa ameandikwa? Kumbe yeye ndiye wa kwanza?"

Na mmoja wa wachimbaji, kijana asiye na ubaya, akacheka kidogo. "Basi huyu ni mwenzetu."

Hakuna aliyetema mate. Hakuna aliyesema msaliti. Kaimenyi alikohoa akatazama viatu vyake. Siri ile aliyoibeba Celina kama kaa la moto ndani ya leso, iliyomnyima mtoto nyumbani na kumnyima yeye wenzake, ilikuwa haina uzito tena kwa mtu yeyote pale. Wote walikuwa wameivaa. Hasira ilimjia Celina, hasira aliyokuwa ameikosa tangu godoroni, na ulimi wake ukaamka.

"Aliivua asubuhi ile," akasema. "Alifika kwenye kona akawaona na mapanga yenu, akarudi, akanipa juu ya ua. Akasema mtamuua mkimwona nayo. Mutugi, wewe ndiye uliniambia: mwenye kijani, polisi walimwacha apite. Basi alikufa kwa sababu aliwaogopa nyinyi. Nyinyi hawa."

Upepo ulikuwa ukivuma, lakini kila mmoja alisikia. Naftaly alikaa chini juu ya jiwe jekundu, taratibu, mikono yake mitupu magotini. Mutugi alikuwa amevua kofia yake ngumu, akaishika, asijue pa kuiweka. Celina akavuta zipu, akaivua reflekta aliyopewa, akaitupa kwenye udongo.

Kisha mlinzi wa lango, ambaye hakuwa wa Kanthungu na hakuelewa lolote, akaja akaiokota, akaikung'uta vumbi kwa heshima.

"Mama, samahani," alisema. "Humu hatukai bila hii. Ni kwa usalama wako."

Celina aliitazama. Wachimbaji walikuwa wanainua mbao za chini, na mlinzi alikuwa anangoja, mkono umenyooka. Akaichukua, akaivaa tena, kwa kuwa bila hiyo wangemtoa nje ya ua, na alikuwa amekuja kumchukua mtoto wake.